UZI: IPv6 ina miaka 30, Lubumbashi bado tunabanana kwenye anwani moja. Uvivu huu anaulipia nani?

Fundi Kamalondo (mwanzilishi wa uzi)

Wandugu, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kazi yangu ni kufunga mitandao na kamera za ulinzi hapa L'shi: maduka ya mitaa ya Kamalondo na Kenya, maofisi ya katikati ya mji, nyumba za Golf, mara moja moja kampuni ndogo zinazopata kazi kwenye migodi. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu kamera zenyewe. Mteja anasema, «Intaneti nailipa kila mwezi, mbona nikiwa Kasumbalesa, kule mpakani, siwezi kufungua mashine yangu ya kurekodi?» Ukimpigia mtoa huduma wake, jibu ni lile lile: aongeze pesa kila mwezi, apewe anwani ya kudumu. Hiyo pesa ya nyongeza ndiyo inayonikera.

Tuanze na hesabu. Anwani tulizozizoea za vifaa kwenye mtandao, zile za namba nne zenye nukta katikati, ni IPv4. Zina biti 32, kwa hiyo dunia nzima haiwezi kupata zaidi ya bilioni 4.3 hivi. Wenyewe walioujenga mtandao waliona mapema kwamba hazitatosha, na Desemba 1995 wakachapisha maelezo ya mrithi wake, IPv6, yenye biti 128. Mwaka 1995! Nchi hii ilikuwa bado inaitwa Zaire.

Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake matano ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda. Asia ikafika kwenye fungu lake la mwisho mwaka huo huo, Ulaya 2012, Amerika ya Kaskazini ikaishiwa 2015. Afrika ndiyo iliyobaki na akiba kwa muda mrefu zaidi, lakini AFRINIC nayo, shirika letu lenye makao Mauritius, ilianza kubana Aprili 2017. Tangu Januari 2020 mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Sasa piga picha kampuni yenye wateja laki kadhaa inapewa anwani 1,024.

Wanachofanya ni kuwarundika wateja nyuma ya anwani moja. Ni kama parsele (kiwanja) yenye wapangaji mia na namba moja tu ya avenue: barua zikitoka ndani hazina shida, ila mgeni akija kukutafuta anaishia kwenye geti, kwa sababu hakuna anayejua chumba chako. Mafundi wanauita mtindo huo CGNAT. Ulienea kiasi kwamba Aprili 2012 ulitengewa kabisa anwani zake maalumu, kuanzia 100.64 mpaka 100.127.

Shika simu yako uone. Fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za simu, tafuta anwani ya IP ukiwa umewasha mega (data za simu), wi-fi umezima. Ukikuta inaanza na 10, au ile 100.64 mpaka 100.127, ujue uko kwenye geti la pamoja. Ukikuta nyingine ndefu yenye herufi na nukta pacha, itazame vizuri kabla ya kushangilia. Inayoanza na fe80 ni ya ndani tu, kila kifaa hujitengenezea chenyewe na haitoki nje ya nyumba. Ya kweli itaanza na 2, na nyingi za Afrika huanza na 2c. Kwenye simu na ruta zinazopita mikononi mwangu hapa mjini, hiyo ya kweli ni nadra sana.

Hasara zake mnazijua, hata kama hamkujua zinatoka wapi. Tovuti inakulazimisha uchague picha za taa za barabarani ili uthibitishe wewe si roboti, kwa sababu mtu mwingine wa geti lako amefanya fujo. Mchezo wa mtandaoni unakataa usiwe mwenyeji wa wenzako. Umeweka seva ndogo ya ofisi, mfanyakazi akiwa nyumbani haioni.

Msimamo wangu ni huu: kampuni hazichelewi kwa sababu IPv6 ni ngumu. Gharama ya kuhama iko mfukoni mwao, na maumivu ya kutohama yako kwetu. Tena wamegundua kwamba maumivu yenyewe yanauzika, ndiyo hiyo anwani ya kudumu ya kila mwezi.

Mama Duka

Yaya Fundi, miye niko na duka pa Kenya (Kenya yetu ya hapa, si ile ya Nairobi). Kamera zangu zinapita mu application, naziona bila shida hata nikiwa kwa safari. Sasa hiyo anwani mupya itanisaidia nini? Sitaki kulipa makuta juu ya kitu chenye sitatumia.

Fundi Kamalondo

Mama, swali lako ni zuri, na kwanza hupaswi kulipa chochote. Mahali IPv6 imewashwa, anwani inakuja yenyewe pamoja na intaneti.

Hiyo application yako inafanya hivi: mashine ya dukani inaita seva ya aliyeitengeneza, huko ng'ambo, na simu yako nayo inaita seva hiyo hiyo. Seva inajaribu kuwakutanisha mpeane picha moja kwa moja. Mara nyingi geti la pamoja linakataa, na hapo picha za duka lako zinapitia huko mbali ndipo zirudi Lubumbashi. Ndiyo maana picha inachelewa, na wakati mwingine inaganda ukiwa hatua chache tu kutoka dukani. Siku kiwanda kikiamua mashine ya aina yako imezeeka na kuzima seva, kamera zitaendelea kurekodi ila wewe hutaziona kwa simu. Sisemi uiache. Nasema ni vizuri kuwa na njia nyingine.

Mnara na Betri

Nafanya kazi kwa mtoa huduma mdogo, jina sitalitaja. Fundi, hapo kwenye «uvivu» umetuonea.

Nikuambie IPv6 inagusa nini kwetu. Ruta kuu ziko tayari, hilo nakubali, vifaa vingi vya miaka kumi iliyopita vinaielewa. Kazi iko pembezoni. Kuna antena za redio juu ya mapaa ya wateja, nyingine ni za zamani na programu zake hazijawahi kusasishwa. Kuna ruta za bei nafuu ambazo mteja kajinunulia mwenyewe sokoni. Kuna mfumo wa malipo uliotengenezwa na kijana mmoja akaondoka, na ndani yake kila mteja ana kisanduku kimoja cha anwani, urefu wa namba nne tu. Ukitaka kukata huduma ya asiyelipa, mfumo unakata ile IPv4. Ukimwashia IPv6 bila kugusa mfumo, anaendelea kutazama video bure! Usicheke, hayo yametokea kwenye majaribio yetu.

Halafu kuna umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata, mnara unaishi kwa betri na mafuta. Nikienda kwa bosi na kusema nataka dola elfu kadhaa, anauliza, «Za betri au za nini?» Nikisema za IPv6, mazungumzo yameisha. Na mteja, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiomba. Wanaomba kasi, wanaomba bei ishuke.

Sina Haraka

Mimi niko na Mnara. Hii IPv6 tumekuwa tukiambiwa «inakuja, inakuja» tangu niko shule. Intaneti inafanya kazi bila hiyo. Tena ile kujificha nyuma ya geti inanilinda na wahuni. Kila kifaa changu kikiwa na anwani yake wazi duniani, si nitaibiwa?

Fundi Kamalondo

Sina Haraka, kinachokulinda ni ruta kukataa mgeni ambaye hakuitwa, na hilo linafanyika vile vile kwenye IPv6. Ruta nzuri inakuja ikiwa imefunga kila kinachoingia kutoka nje, wewe ndiye unayefungua unachotaka. Ila nikubaliane nawe kidogo: ruta za bei ya chini kabisa si zote zinafunga. Mimi nikifunga mpya, kwanza natazama sehemu ya IPv6 kwenye mipangilio yake. Nisipoona mahali pa kuzuia, siiachi kwa mteja.

Kuhusu «inakuja, inakuja», huko nje imeshafika zamani. Vipimo vya Google vinaonyesha karibu nusu ya watumiaji wake duniani wanafika kwa IPv6. India na Ufaransa ni zaidi ya watu 7 kati ya 10. India ilikuwa na msukumo mkubwa wa Jio, kampuni ya simu iliyoanza Septemba 2016. Wao walianza na mtandao mpya wakilenga mamia ya milioni ya wateja, anwani za zamani za kuwatosha hazikuwepo popote, kwa hiyo wakajenga juu ya IPv6 toka siku ya kwanza. T-Mobile ya Marekani nayo inaendesha simu nyingi kwa IPv6 peke yake. Mteja akitaka tovuti ya kizamani, mtandao unamtafsiria njiani. Simu za Android zinaelewa mpango huo tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, na Apple tangu Juni 2016 inakataa programu isiyofanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee. Kwa hiyo hiyo simu uliyonayo mkononi sasa hivi haina shida yoyote. Inasubiri kampuni.

Mnara, ya betri nakuelewa, sina ubishi. Ila turudi kwenye hesabu yako. Ile mashine ya CGNAT hamkuokota, mlinunua, na kila wateja wakiongezeka inabidi muikuze. YouTube, Facebook, WhatsApp, Netflix zote zinapokea IPv6. Wateja wako wanatumia nini kingine usiku? Ukiwasha IPv6, mzigo huo wote unapita pembeni ya mashine hiyo bila kuigusa. Bosi haambiwi «nipe pesa za IPv6». Anaambiwa «mwaka huu hatununui CGNAT kubwa zaidi».

Mtu wa Kolwezi

Nawasomea kutoka Kolwezi. Serikali ilipiga marufuku Starlink, ile intaneti ya satelaiti, Machi 2024, kisha Mei 2025 ikaipa leseni. Tangu tuweke sahani ofisini, anwani ndefu imekuja yenyewe, hatukuomba na hakuna kilichoongezwa kwenye bili. Upande wa IPv4 ni ile ile 100.64, geti la pamoja, hawa nao hawana ujanja. Lakini tumeweka ruta yetu wenyewe nyuma ya sahani, na sasa seva ya ofisi naifikia nikiwa nyumbani kwa IPv6.

Kasoro moja tu: niwe mahali penye IPv6 pia. Nikitumia mega za simu, siifikii. Yaani ofisi ina mlango, mimi ndiye sina barabara.

Binti Ruashi

Mbona hakuna anayeitaja AFRINIC? Shirika zima limekuwa mahakamani tangu 2021, akaunti zake zikafungiwa, likakaa bila bodi, Septemba 2023 mahakama ikaliwekea msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa, ndipo Septemba wakapata bodi. Watoa huduma wetu wataomba wapi anwani katika vurugu hiyo? Msiwalaumu kabla hamjatazama huko juu.

Fundi Kamalondo

Dada, vurugu hiyo ni ya kweli na ni aibu kwa bara zima. Lakini angalia ugomvi wenyewe ni wa nini: ni wa IPv4. Mamilioni ya anwani za zamani zilizochukuliwa Afrika zikapelekwa kukodishwa mbali, kwa sababu zimegeuka mali. Hata Amazon, tangu Februari 2024, inamtoza mteja wa seva zake zaidi kidogo ya dola 3 na nusu kwa mwezi kwa kila IPv4 moja ya umma.

IPv6 hakuna anayeigombania mahakamani. AFRINIC ilipewa fungu lake kubwa 2006, na fungu la kawaida la mtoa huduma mmoja linamwezesha kuwahudumia wateja zaidi ya 65,000, kila mmoja akiwa na mitandao midogo 65,000 ya kwake. Kampuni nyingi za bara hili zilishachukua mafungu hayo miaka mingi iliyopita, yamelala kabatini. Ukiona kampuni ina fungu na haijamfikishia mteja hata mmoja, AFRINIC haihusiki hapo.

Wakili Kivuli

Mimi si mtu wa mitambo, nipo upande wa sheria, na kuna jambo hamjaligusa. Polisi wakitafuta mtu aliyetapeli watu mtandaoni, wanachopewa na tovuti ni anwani na saa. Anwani ikiwa ya watu mia tano, nani anakamatwa? Mtoa huduma anatakiwa awe ameandika kila sekunde nani alitumia mlango gani wa ile anwani (port, namba inayowatofautisha wanaoishiriki), na tovuti nayo iwe imeandika mlango huo. Mara nyingi mmoja wao hakuandika. Tuna Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu Machi 2023, makosa ya mtandaoni yamo, lakini ushahidi unakwama kwenye geti hilo mnalolisema.

Wabelgiji waliliona hilo mapema. Mwaka 2012 watoa huduma wao walikubaliana na serikali kwamba anwani moja isibebe wateja zaidi ya 16. Kampuni zilipopiga hesabu zikaona ni nafuu kuwasha IPv6, na kwa miaka kadhaa Ubelgiji ikaongoza dunia. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilipolalamikia CGNAT mwaka 2017, Ubelgiji ndiyo ilikuwa mfano. Tumerithi mambo mengi ya Wabelgiji hapa Katanga ambayo hatukuyaomba. Hili wangetuachia, ningeshukuru.

ARPTC, mamlaka yetu ya mawasiliano, inaweza kuanzia hapo. Haihitaji kumlazimisha mtu awashe IPv6. Iseme tu anwani moja watu wangapi.

Mnara na Betri

Wakili, ukiweka 16 kesho asubuhi, sisi wadogo tunafunga mlango kesho jioni. Wakubwa watanunua IPv4 sokoni, sisi hatuna hela hiyo. Toeni muda. Wacheki wametangaza kwamba huduma za serikali yao zitaacha IPv4 tarehe 6 Juni 2032, na walitangaza tangu Januari 2024. Kila mtu alipewa miaka minane ya kujipanga. Hiyo naielewa.

Wakili Kivuli

Muda, sawa. Ila miaka minane ya Kongo mimi naijua.

Sina Haraka

😂😂 Wakili umemaliza.

Fundi Kamalondo

Mimi sisubiri ARPTC wala Kinshasa. Nguvu tuliyonayo hapa Lubumbashi ni migodi na wanaoihudumia. Hawa ndio wanaolipa bili kubwa za faiba, na kabla ya kulipa wanatoa zabuni kwa maandishi. Wateja wangu wawili sasa hivi wanaandaa zabuni ya intaneti ya ofisi na nimewawekea sentensi hii, ichukueni mkitaka:

«Mtoa huduma atampa mteja IPv6 na IPv4 kwa pamoja tangu siku ya kwanza ya huduma, bila malipo ya ziada, kwa fungu la IPv6 lisilobadilika na lisilo dogo kuliko /56, na ubora wa huduma utapimwa kwa zote mbili.»

Hiyo /56 ni ukubwa wa fungu: namba ikiwa ndogo, fungu ni kubwa zaidi. Kipande cha mwisho msikiache. Nimeona mahali IPv6 imewashwa kwa jina tu, inazunguka njia mbovu mpaka Ulaya huku IPv4 inapita njia fupi. Mteja anaona intaneti imekuwa nzito, fundi anaizima, na kuanzia siku hiyo IPv6 inaitwa mchawi. Kama kampuni inabadilishana data hapa hapa mjini kupitia LUBIX, kituo ambapo watoa huduma wanakutanisha mitandao yao, ibadilishane kwa zote mbili.

Na Mama Duka, wewe na wenzako hamtoi zabuni, lakini mnapiga simu huduma kwa wateja. Mkiambiwa mlipie anwani ya kudumu, ulizeni, «IPv6 mnayo?» Atakayepokea hatajua, ataandika tu. Mnara kasema mwenyewe hakuna aliyewahi kuuliza.

Mama Duka

Niliita leo asubuhi. Yule mtoto wa simu aliniambia «Mama, iyo tutakurudilia». Basi, nawangojea.

Mnara na Betri

Fundi, sentensi yako nimeipeleka kwa bosi. Nimemwambia kuna wateja wa faiba wataidai, hapo akakaa kusikiliza. Sasa tuongee kazi. Kwa majaribio natazama wateja wa faiba pekee, wale ambao ruta ni yetu. Redio za mapaa nitaziacha mpaka mwaka ujao. Kwenye mfumo wa malipo nitaacha kukata kwa anwani, nitakata kwa jina la kuingilia, hivyo zote mbili zinakufa pamoja. Ninachosita ni ukubwa wa fungu la kila mteja. Mwenzangu anasema tuwape /64 moja moja, tusitapanye.

Fundi Kamalondo

Mwambie mwenzako aache ubahili wa IPv4, huku haufai. /64 ni mtandao mmoja tu. Mteja akitaka kutenganisha wi-fi ya wageni na kamera, atakwama, na ataanza tena kurundika vifaa nyuma ya geti, yaani mmerudi kule kule. Wape /56, hiyo ni mitandao 256 kwa kila nyumba, na maofisi wape /48. Kwa fungu la /32, lile la kawaida la mtoa huduma, kila nyumba ikipewa /56 mnaweza kuhudumia nyumba zaidi ya milioni 16. Hamfiki huko hata mkiuza mpaka Likasi.

Na fungu lisibadilike ruta ikizimika. Kwa umeme wetu huu, mkimpa mteja namba mpya kila SNEL ikirudi, kamera zake zitapotea kila siku. Ukianza majaribio nitafute, nina wateja wa Golf watakaokubali kuwa wa kwanza.